Nani Afanye Chini?

Nikimwambia mtu kwamba kazi yangu ya maisha ilikuwa kuzuia udongo usiondoke, huniuliza: uondoke uende wapi? Si uko tu pale chini, tunaukanyaga? Basi ninyi vijana mnaoanza kazi hii na vyeti vyenu, na hasa ninyi mtakaorithi shamba la baba mkadhani mmerithi ploti, nitawaeleza unakokwenda. Nitawaeleza pia nani huuiba, kwa sababu wezi wake nawajua. Nimekula kwao. Wengi walinifungia ndizi za kwenda nazo nyumbani.

Cheo changu kilikuwa kirefu na kazi yangu fupi. Nilipima mistari kwenye miteremko ya Meru na Embu ili wenye mashamba wachimbe mitaro na kuinua matuta ya kuzuia maji ya mvua. Vifaa vyangu vilikuwa kamba, fimbo mbili zenye alama kwa kimo kile kile, vigingi, na pimamaji ndogo ya kuning'iniza katikati ya kamba. Mmoja husimamisha fimbo hapa, mwingine kule, kamba inanyooshwa kati yao, na kiputo cha pimamaji kikitulia katikati, basi mnajua kwamba mmesimama kwenye kimo kimoja. Mnagonga kigingi, mnasonga. Watu wakaniita Bwana Kamba. Jina hilo halikunisumbua mpaka nilipohamishiwa Gachoka. Wakamba hawako mbali na huko, na nikaanza kusalimiwa Kikamba na watu walionihurumia kwa jinsi nilivyoshindwa kuitikia lugha ya mama yangu.

Huko Gachoka ndiko nilikomkuta aliyenifunza kazi upya, mtu wa Embu aitwaye Nyaga. Mimi shule ilikuwa imeniacha njiani, na yale niliyokuwa nayo kichwani niliyaokota katika vitabu vya kuazima. Nyaga hakuniuliza niliishia darasa gani. Alinipa fimbo akaniambia niishike wima. Akifika katika shamba hakusalimia mazao. Alishuka hadi chini kabisa, akageuka, akatazama juu, kisha akamwita mwenye shamba.

"Wewe ungekuwa maji, ungepitia wapi?"

"Ningepita hapo, niende kwa jirani."

"Na jirani naye?"

"Huyo atajua yeye."

Nyaga hunigeukia na kusema, "Andika. Mgonjwa amejitaja." Mpaka leo sijui aliyataka hayo yaandikwe wapi, lakini swali lake nililichukua, na ninawaachia. Msifunge kamba kabla hamjajua maji yanatoka wapi na yataishia wapi. Mkianza na kamba, mtapima vizuri sana kitu kisichosaidia.

La pili alilonifunza: mwenye shamba asishike fimbo. Mpe kazi ya kubeba vigingi, mwambie apike chai, mwache aimbe akitaka, lakini fimbo asiiguse. Nilipopelekwa Mitunguu, kwenye ndizi za maji ya mifereji, niliona kwamba fimbo ya mwenye shamba ikikaribia shina zuri la ndizi, ardhi hupanda ghafla. Mstari ulikuwa unakuja vizuri, ukifika kwenye ndizi unakwepa chini yake kama mtu aliyeona nyoka, kisha unapanda tena upande wa pili. "Hapa pana kilima kidogo," ananiambia. Natazama. Kilima ni kisigino chake, amekiinua, na fimbo imeinuka naye.

Makosa ni mengi, na kila mahali walikuwa na lao. Kule Kiirua kosa lilikuwa kona. Mashamba ni marefu, ya ngano na viazi, na wenyewe hukodi trekta. Dereva wa kukodiwa hapendi kona, kwa hiyo hulima kufuata urefu wa shamba, na urefu ukishuka mlima, jembe nalo linashuka mlima. Kila mfuo unakuwa bomba la kuteremshia maji. Mzee mmoja alinisimamisha kando ya shamba lake akiwa amejaa fahari.

"Umeona mistari ilivyonyooka?"

"Nimeona," nikamwambia. "Maji pia yameona."

Gachoka nako kulikuwa na mradi ambao watu walipewa chakula wakichimba matuta. Wageni wa kukagua walikuja kwa gari, na kwa kuwa jua la kule halina adabu, walikagua kupitia dirishani. Wenyeji hawakuhitaji semina kulielewa hilo. Matuta yote yakachimbwa upande wa mlima unaotazama barabara. Ukipita na gari, mlima ulipendeza kama kichwa cha msichana aliyetoka kusukwa. Ukizunguka nyuma ulikuta upara na mbuzi.

Na siku za kupanda miti nazo! Shimo la mkubwa huchimbwa jana yake, na udongo wake huchekechwa ili usimchafue viatu. Mahali fulani, ambapo sitapataja, wakubwa walipanda mti katika shimo lile lile mwaka baada ya mwaka, maana lilikuwa karibu na hema na mti wa mwaka uliopita ulikuwa umekufa kwa heshima, ukiacha nafasi. Shimo lile nalijua. Lilikuwa na uzoefu kuliko sisi wote.

Lakini haya ni mambo ya kuchekesha wageni. Kuna shamba moja nataka mlijue vizuri, kwa sababu mtakutana nalo kila ukingo mtakaopanda, likiwa na majina mengine.

Kabla ya hapo mwelewe maneno mawili ya kazi. Ukichimba mtaro wa kukata mteremko, udongo unaotoka lazima uutupe mahali. Ukiutupa upande wa juu wa mtaro, tuta linakaa juu ya mtaro, maji yanatua nyuma ya tuta, shambani kwenyewe, na miaka ikipita shamba linajisawazisha likawa kama ngazi. Hiyo inaitwa fanya juu. Ukiutupa upande wa chini, mtaro unabaki juu ya tuta, na maji yanaingia mtaroni kama yanayoingia kwenye hori la ng'ombe. Hiyo ni fanya chini. Nimeambiwa kwamba watu wa nchi za mbali huyatumia maneno haya hivi hivi, kwa Kiswahili, bila kuyatafsiri. Nilijivuna nilipolisikia hilo. Kisha nikakumbuka kwamba wao hawajui tunavyoyagombania.

Shamba lenyewe liko Imenti Kusini, kwenye ukingo ambao ukisimama juu yake unayaona mabonde ya Mitunguu chini kwa mbali. Barabara ya murram inapita juu, mto uko chini. Baba mwenye shamba alikuwa amekufa, na aliacha matuta yaliyokatiza shamba zima kutoka mpaka hadi mpaka. Aliacha pia mke, Mama Mutuma, na wana watatu. Mutuma, kifungua mimba, alikuwa na vyumba vya kukodisha pale barabarani. Gikundi, wa katikati, alikuwa mzee wa kanisa na mkulima wa ndizi. Kinoti, kitinda mimba, alipakia ndizi kwenye malori huko Mitunguu, na kama ilivyo desturi, ndiye aliyebaki na mama.

Sasa sikilizeni jinsi shamba linavyogawanywa huku kwetu. Mpima ardhi mwenye akili atakwambia, kata kwa kukatiza mteremko: mmoja achukue juu, mmoja katikati, mmoja chini. Hapo tu kikao kinavunjika. Wa juu atapata barabara na akose mto. Wa chini atapata mto na akose barabara. Wa katikati atapata ndugu pande zote mbili, na hakuna adhabu kubwa kuliko hiyo. Basi wanakubaliana neno moja ambalo nimelisikia katika vikao vingi kuliko sala: kila mtu aguse barabara, kila mtu aguse mto. Shamba linachanwa kwa urefu kutoka juu hadi chini, mikanda mitatu myembamba imelala kwenye mteremko kama taulo zilizoanikwa. Ng'ombe akigeuka katika mkanda wake, mkia uko kwa jirani.

Wakifanya hivyo, matuta ya baba yanakatwa vipande vitatu, na kila kipande kinapata mwenyewe. Mwenyewe wa kwanza analilima tuta kwa sababu limekula nafasi ya mahindi. Wa pili analichonga kidogo kila msimu, upana wa jembe tu, akisema anapalilia. Baada ya misimu michache baba hayupo hata shambani.

Niliitwa baada ya mvua moja kuteremsha mbolea ya Gikundi mtoni. Nilishuka chini kwanza, kama Nyaga. Huko ndiko ilikokuwa nyumba ya Mama Mutuma, katika mkanda wa Kinoti: nyumba ya mbao, jiko la kando, na bustani ya nduma, yaani magimbi, karibu na mto ambayo kijiji kizima kiliiheshimu. Nduma zake hazikuwa za mchezo. Mwenyewe alikuwa mama mfupi, asiye na haraka, na aliponiona natazama juu alisema, "Unapima nini na macho?"

"Natazama maji yatapita wapi, Mama."

"Uliza mimi. Yatapita hapa. Hao watatu hawajawahi kuangusha kitu kisije kwangu."

Nilipima mstari mmoja uliokatiza mikanda yote mitatu, kigingi kwa kigingi, na kiputo kilitulia vizuri kila mara. Fimbo ya pili nilimshikisha mama, kwa kuwa ndiye pekee asiyekuwa na ndizi za kuokoa. Kisha nikawakusanya wana na kuwaeleza: mstari ni mmoja, mtaro ni mmoja, na kwa mteremko huu wote watatu watupe udongo juu.

"Yangu ni fanya juu," Mutuma akasema mara moja.

"Yangu pia," akasema Gikundi.

"Hata mimi, juu," akasema Kinoti.

Mutuma akamgeukia. "Wewe uwe juu ya nani? Wewe ni wa mwisho. Fanya chini."

"Bwana Kamba amesema sisi wote."

"Bwana Kamba ni mgeni. Baite, jamani, tukifanya sisi wote juu, mkubwa atajulikana aje?"

Nilicheka, nikidhani ni utani. Hakuna mwingine aliyecheka. Nikaeleza kwamba juu na chini ni habari ya koleo, si habari ya heshima, na kwamba mtaro hauulizi nani alizaliwa lini. Gikundi, mtu wa dini, akanisaidia kwa njia yake: "Imeandikwa mdogo amtii mkubwa." Nilimwuliza imeandikwa wapi. Akaniambia ni mahali pengi.

Nilimtegemea Kinoti akatae. Kinoti alikuwa amekwisha kufanya hesabu nyingine. Kurusha udongo juu ya mteremko ni kazi ya mgongo. Kuuachilia chini ni kazi ya mkono mmoja. Akainua mabega. "Sawa tu. Nitafanya chini. Nyinyi wakubwa mtafanya juu mpaka mjue."

Chukueni kalamu hapa, maana hili halimo katika vitabu nilivyoazima. Mkanda mmoja una tuta, na maji yametua nyuma yake, usawa wa shamba. Mkanda wa pili hivyo hivyo. Mkanda wa tatu, kwenye mstari ule ule, hauna tuta pale. Una mtaro mtupu, umekwenda chini kimo cha goti. Maji ya Mutuma yatakaa kwa Mutuma kwa sababu gani, ilhali mlango uko wazi? Yatatambaa pembeni hadi kwa Gikundi, yachukue na ya Gikundi, na yote yaingie kwenye mtaro wa Kinoti. Niliwaeleza hivyo, nikiwachorea kwa kijiti. Mutuma aliutazama mchoro kwa muda, akaufuta kwa kiatu polepole, akasema mambo ya boma yaachiwe wenye boma.

Walichimba kama walivyotaka. Mutuma na Gikundi walichimba vizuri sana, lazima niseme. Matuta yao ukiyaona ungedhani yamepigwa pasi.

Mvua ndefu zilipoingia nilipigiwa simu na Kinoti. "Bwana Kamba, kuja uone kamba yako."

Mtaro wake ulikuwa umejaa maji ya ndugu watatu, ukashindwa, na tuta lake likapasuka mahali mbuzi walipozoea kuvukia. Kutoka hapo maji yalikuwa yamechimba korongo hadi chini, la kumfika mtu mzima kiunoni, na ukingo wake ulikuwa umeingia jikoni kwa Mama Mutuma. Pembe moja ya jiko ilining'inia hewani. Mafiga mawili yalikuwa yamebaki. La tatu lilikuwa limekwenda mtoni. Bustani ya nduma haikuonekana. Ilikuwa imefunikwa na udongo mwekundu, laini, mzuri kabisa, udongo ambao ningeweza kuula. Na kati ya korongo na nyumba ya kulala palibaki mahali pa kutandika mkeka. Mawingu yalikuwa yameshikana kule mlimani. Mvua nyingine kama ile, na mama yule angeamka mtoni na kitanda chake.

Ndugu watatu walikuwapo. Nilidhani nitawakuta na majembe. Niliwakuta wamesimama juu ya bustani iliyofukiwa, wanabishana.

"Hii udongo ni yangu," Mutuma alikuwa anasema. Aliinama, akachota, akauvunjavunja kiganjani. "Ona. Hii ni mbolea ya ng'ombe yangu. Naijua."

"Ng'ombe yako inakula nini yangu haikuli?" Gikundi akauliza. "Hiyo imetoka kwa ndizi zangu. Ona hata mizizi."

"Imelala kwangu," Kinoti akasema. "Kitu ikilala kwangu ni yangu."

"Yako! Wewe umefanya nini? Umeshindwa kushika maji!"

"Maji ya nani?"

"Ya mvua!"

"Ilinyesha kwa nani?"

Nimesimama katika mabaraza mengi, nimesikia watu wakigombania mipaka, visima, makaburi na mchanga wa mto. Sikuwa nimewahi kuona watu wazima wakigombania udongo uliokwisha kuwatoroka, huku jiko la mama yao likidondoka kipande kipande nyuma ya migongo yao. Kipande kimoja kilidondoka nikiwa natazama. Mutuma aligeuka kidogo, akaona si ng'ombe, akaendelea.

Mama Mutuma alitoka nyumbani na karai. Aliliweka chini katikati yao.

"Chukueni," akasema. "Kila mtu achote yake arudishe juu. Mutuma, anza wewe, wewe ni mkubwa. Mimi nitahesabu."

Hakuna aliyelishika.

"Mbona? Si mnaijua kwa harufu? Hata mimi nikiwaosha mkiwa wadogo sikujua ilikuwa mali."

"Mama, si hivyo," Gikundi akaanza. "Tunatafuta haki."

"Tafuta. Mimi natafuta pahali pa kupika." Kisha akanitazama. "Na wewe, kamba yako ilisema nini?"

"Ilisema wote wafanye juu, Mama."

"Na ulipoona hawataki, ukafanya nini?"

"Nilichora."

"Ulichora," akasema, na jinsi alivyolitamka neno hilo sijasahau. Alirudi ndani.

Alipotoka tena alikuwa amebeba sufuria mbili, blanketi, na kuku mmoja chini ya kwapa. Alimwambia Kinoti achukue godoro. Alimwambia Gikundi amchukue kuku mwingine. Akaanza kupanda ule mteremko, taratibu, akipitia katikati ya mkanda wa Mutuma, juu ya tuta lililopigwa pasi, na hakuna aliyethubutu kumwambia azunguke. Tulimfuata kama wanaokwenda kuzika. Alipofika barabarani aliingia katika chumba kimoja cha vyumba vya Mutuma, kilichokuwa tupu, akamweka kuku chini.

"Mama," Mutuma akasema akihema, "hapo kuna mpangaji anakuja."

"Amekuja."

Mnaweza kudhani huo ulikuwa mwisho, kwamba wana waliona aibu wakakimbilia majembe. Hamjui watu. Siku ya kwanza Mutuma alisema ni hasira, zitapoa. Kilichomvunja ni barabara. Kila aliyepita alimwona Mama Mutuma ameketi kwenye veranda ya chumba cha kukodisha, kuku wake wamefungwa mguuni, akisalimia. Wanawake wa kanisa walikuja kumwombea, wakiwa na sukari na majani ya chai, na kwa kuwa chumba kilikuwa kidogo, waliombea nje, kwa sauti. Waliomba Mungu awafungue macho wale waliomfukuza mjane. Gikundi, mzee wa kanisa hilo hilo, alilazimika kusema amina, na aliisema amesimama nyuma ya nguzo.

Nikaitwa tena, na safari hii walinitumia pikipiki.

Kazi zilikuwa mbili. Ya kwanza, mtaro wa Kinoti ujazwe, uchimbwe upya kwa fanya juu, na tuta liendelee bila kukatika kupitia mikanda yote, pamoja na vile vijia vya mipakani ambavyo kila mmoja aliviacha akisema si vyake. Hiyo walikubali. Mutuma alikohoa kidogo tu. Ya pili ndiyo ngumu. Tuta la kushikilia maji yote halitoshi mvua ikizidi; lazima maji ya ziada yapewe njia ya kushukia mtoni, pana, yenye nyasi, mbali na nyumba. Mahali pake palikuwa mpaka wa Gikundi na Kinoti. Njia inahitaji ardhi. Ardhi ina mwenyewe. Mnaona tulikofika.

"Wachukue kwa Kinoti," Gikundi akasema. "Ndiye aliharibu."

"Nimefanya chini mara moja," Kinoti akasema. "Sifanyi tena."

"Mutuma atoe, yeye ana barabara."

"Maji itapitia kwangu aje na mpaka iko kwako?"

Tulikuwa tumesimama pale juu, mbele ya veranda. Mama Mutuma alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo na hakuinua kichwa.

"Gikundi atatoa hatua mbili," akasema. "Kinoti atatoa mbili. Mutuma atatoa mawe na majani ya nepia ya kupanda, na ataibeba mwenyewe."

"Mama, hatua mbili ni ndizi nyingi," Gikundi akasema.

"Hujalazimishwa. Atakayekataa nitahamia kwake. Si kwa chumba. Kwa nyumba, pale kwa kochi, na wamama wa maombi watakuwa wanakuja huko."

Sijawahi kuona ardhi ikitolewa haraka vile, na bila wakili. Gikundi mwenyewe alikwenda kupiga hatua zake, na nilipoziona ni fupi nilimwambia Mutuma azipige yeye. Mutuma ana miguu mirefu na alikuwa na kisasi.

Walichimba kabla ya mvua kurudi. Mvua iliporudi nilikwenda kusimama kule chini, nikiwa nimelowa hadi ndani ya viatu, nikatazama maji yakijaa nyuma ya tuta, yakatulia, na yale ya ziada yakaenda pembeni yakashuka kwenye njia yao bila hasira. Korongo halikuongezeka hata kiganja. Nyumba ya kulala ilisimama. Jiko halikupona, walijenga jingine, hatua chache kutoka pale, na Kinoti akaokota figa jipya mtoni, au lile la zamani, nani anajua.

Kwa hiyo vijana, mkiulizwa katika mitihani kwa nini udongo wa Imenti uko katika mito, msijibu "mvua." Mvua ilikuwapo kabla yetu. Jibuni kwamba watu wengine wangependa kuzama wakiwa juu kuliko kukauka wakiwa sawa na ndugu zao. Hamtapewa alama, lakini mtakuwa mmesema kweli.

Nilipostaafu nilipita kuwaaga. Nilitazamia kumkuta Mama Mutuma chini kwenye nduma zake, zilizokuwa zimepandwa upya. Nilimkuta barabarani, kwenye veranda ile ile, sasa akiwa na kiti chenye mto na pazia mlangoni. Mutuma alinivuta kando, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba jiko liko tayari tangu zamani, nyumba ni salama, mpangaji amemkosa, na mama hashuki. Je, mimi siwezi kumwambia kitaalamu?

Nilikwenda nikamwambia kwamba kule chini ni salama, nimepima mwenyewe.

"Najua ni salama," akasema. "Asubuhi nashuka napalilia nduma, jioni napanda. Lakini kulala, nalala hapa."

"Kwa nini, Mama?"

"Nikiwa kule chini nilikuwa naona mto na mgongo ya watu. Hapa naona jembe ya kila mmoja."

Nikageuka nitazame anachotazama. Ni kweli. Kutoka pale mikanda yote mitatu ilikuwa imelala wazi hadi mtoni, na tuta limeikatiza kwa mstari mmoja mweusi wa nepia. Gikundi alikuwa kule katikati, karibu na njia ya maji, ameinama. Kwa mbali alionekana anapalilia tu. Mimi niliyeifanya kazi hii maisha yangu yote nilidhani anapalilia.

"Gikundi!" Sauti ya mama yule ilitoka katika kifua kile kidogo ikafika ng'ambo ya mto. "Hiyo jembe inakula nini?"

Kule chini baba wa watoto wanne, mzee wa kanisa, alisimama wima, akaliangalia jembe kana kwamba ni neno lililomponyoka mdomoni, akarudi nyuma hatua moja.

"Ingine!" mama akaita.

Akarudi nyingine.

Nilitaka kusema neno la kuaga, neno zuri, la mtu aliyemaliza kazi yake. Mama Mutuma alikuwa amenyoosha shingo upande.

"Sogea kidogo, Bwana Kamba," akasema. "Umenizibia Kinoti."